Futa Zote, Usiache Kitu

Tangu alipokabidhiwa ufunguo wa chumba cha seva, miaka kumi na mmoja iliyopita, Bi Sweta hakuwahi kumaliza likizo hata moja. Jina lake halisi limo kwenye faili la utumishi, lakini hata karani anayelitunza faili hilo humwita Bi Sweta. Jina lilitokana na sweta la kahawia, zito, lenye vifungo vitano vya aina tatu, ambalo hulivaa jua likiwaka na watu wengine wakijipepea kwa magazeti. Chumba anachofanyia kazi kina baridi ya kuingia mifupani, na akitoka humo husahau kulivua. Wapita njia humwona saa saba mchana akisubiri kuvuka barabara, amefunga vifungo hadi shingoni, wakamwonea huruma kwa homa asiyokuwa nayo.

Humo chumbani ndimo linamokaa Daftari Kuu. Ukizaliwa unaandikwa humo, ukioa unaandikwa, ukifa nako unaandikwa, ingawa hapo huna tena haja ya kwenda kupanga foleni. Bila namba ya Daftari Kuu mtoto hapokelewi shule, mgonjwa hafunguliwi faili, na laini ya simu haisajiliwi. Nchi nzima imo ndani ya mashine tatu nyeusi zilizopangwa moja juu ya nyingine kwenye kabati la chuma, ghorofa ya pili, katika chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya mafagio.

Daftari lenyewe lilijengwa na watu wa mradi. Walikuja na mikoba mizuri, wakakaa miaka mitatu, wakagawa kofia na fulana, wakaacha kitabu cha mwongozo kizito kama tofali, kisha mradi ukaisha wakaenda zao. Siku ya kuagana mkubwa wao alihutubia, na katika hotuba hiyo alisema mara saba kwamba mfumo huu ni endelevu. Bi Sweta alihesabu. Wakati huo alikuwa karani wa masjala, hana sweta, sifa yake kubwa ikiwa mwandiko mzuri kuliko wa mtu yeyote pale ofisini. Akanyoosha mkono akauliza ni nani hasa atakayeuendeleza. Ukumbi mzima ukacheka. Mkurugenzi naye alicheka, halafu akamtazama kwa jicho la mtu aliyepata jibu bila kutarajia, na wiki iliyofuata Bi Sweta akakabidhiwa ufunguo. Barua ilisema atakaimu kwa miezi mitatu.

Kuna kazi moja watu wa mradi walimwachia kabla ya kuondoka, na hiyo ndiyo iliyokuja kuleta kisa chote hiki. Mfumo ulikuwa unawasemesha watu kwa lugha ya kigeni, na ikabidi maneno yake yote yawekwe kwa Kiswahili. Walimpa yeye kwa sababu ya ule mwandiko wake, ingawa kazi yenyewe ilikuwa ya kuchapa. Basi Bi Sweta akaandika kama alivyozoea kusema na watu kwenye dirisha la masjala. Karani akikaa muda mrefu bila kugusa kitu, mfumo humwambia: “Umenyamaza mno, nimefunga mlango. Ingia tena.” Akikosea neno la siri: “Silo hilo. Tulia, jaribu jingine.” Ukituma namba ya mtu kwa simu ili kuhakikisha kama ameandikwa, hakuna cha “kumbukumbu imepatikana” wala nini. Mfumo hukujibu: “Yupo.” Asipokuwepo: “Simwoni. Hebu angalia namba vizuri.”

Wakubwa hawakufurahi. Walisema hiyo si lugha rasmi, wakaunda kamati ya kurekebisha. Kamati ilikutana mara mbili, ikanywa chai, mradi ukaisha, maneno yakabaki kama yalivyo. Yako zaidi ya mia nne, na mengine hayajawahi kuonekana na mtu kwa sababu hakuna aliyewahi kufanya jambo la kuyastahili.

Kuhusu ile miezi mitatu ya kukaimu, hakuna aliyeikumbuka tena. Bi Sweta alijifunza kazi kwa kuogopa, ambayo ni njia ya haraka sana. Alikisoma kile kitabu kizito kama tofali kwa msaada wa kamusi, akakimaliza, jambo ambalo nadhani hata waliokiandika hawakulifanya. Yale yasiyokuwamo kitabuni aliyajua kwa masikio na mikono. Kiyoyozi cha pili huvuja, kwa hiyo chini yake kuna ndoo ya kijani. Umeme ukikatika, jenereta likiwaka, viyoyozi haviwaki vyenyewe. Lazima mtu aviwashe kwa mkono kabla mashine hazijapata joto. Na adui mkubwa kuliko wote ni vumbi, maana barabara ya nyuma ya jengo haina lami na malori hupita mchana kutwa. Vumbi likijaa kwenye feni za seva, seva huzidiwa na joto, ikizidiwa hujizima, ikijizima nchi nzima husimama na Mkurugenzi hupiga simu akiuliza kwa upole wa kutisha kama kuna shida.

Ndiyo maana likizo zilimshinda. Ya kwanza ilidumu siku moja na nusu. Ya pili alirudishwa akiwa bado kituo cha basi. Siku ya harusi ya binti yake wa pekee umeme ulikatika, akaitwa kabla keki haijakatwa, na katika picha zote za siku ile mama wa bibi harusi anaonekana mara moja tu, mkono mmoja wa sweta ukiondoka upande wa kushoto. Binti hakugomba. Aliitia picha ile kwenye fremu akaitundika sebuleni, na hilo lilimuuma Bi Sweta kuliko magomvi.

Kwa hiyo binti alipopiga simu kusema ni mjamzito, hakuuliza kama mama atakuja. Alisema, “Mama, nataka mwezi mzima. Ukiondoka hata siku moja kabla, ile picha nitaikuza ienee ukuta mzima.” Bi Sweta akaapa. Kisha akakata simu, akalitazama kabati la chuma, na kwa mara ya kwanza akaona waziwazi kwamba kila kitu kinachofanya lile kabati liendelee kuwaka kimo ndani ya kichwa chake, na kichwa hicho kina miaka hamsini na minane.

Alidai msaidizi. Alidai kwa barua, alidai kwa mdomo, mwishowe akaenda kukaa kwenye kochi la ofisi ya Mkurugenzi, amevaa sweta, akisema atakaa pale hadi apatikane mtu. Siku ya tatu akaletewa Injinia, binti wa miaka ishirini na sita, mwenye shahada mbili na kasi ya kuchapa iliyomtia Bi Sweta kizunguzungu. Injinia alikuwa mzuri kweli. Tatizo lake lilikuwa moja: kila alichokigusa alitaka kukiboresha.

Bi Sweta alishawahi kuletewa mboreshaji. Miaka minne iliyopita alikuja mtaalamu mmoja aliyeona tarehe zimepangwa kizamani, akazipanga upya, na kwa siku mbili kila mtoto aliyezaliwa nchini alisajiliwa akiwa na umri wa miaka mia na kumi. Ofisi ya pensheni ilichanganyikiwa. Hakutaka kuyaona tena mambo hayo akiwa mbali, amebeba mjukuu. Akanunua daftari gumu la kurasa mia mbili, akaandika kila kitu kwa ule mwandiko wake mzuri, miezi minne, jioni na asubuhi. Aliandika habari za ndoo. Aliandika kwamba kiyoyozi cha pili hulia kana kwamba kinataka kuacha kazi, lakini hakiachi, kipigwe mara moja ubavuni. Kwenye ukurasa wa sitini na tatu aliandika: “Kila Ijumaa, saa tisa alasiri, ofisi za mikoani zikishafunga: futa seva zote tatu. Anza ya juu, shuka chini. Usiache kitu. Usipofanya hivi Jumatatu utajuta.”

Siku ya kukabidhi alimpa Injinia ufunguo na daftari, akampa na masharti. Kila kilichoandikwa kifanywe kama kilivyoandikwa. Asiongeze, asipunguze, asiboreshe, asijiulize kwa nini. Asimpigie simu hata paa likiruka, maana Bi Sweta anajijua, akisikia mlio tu atapanda basi. Na simu ya mkononi isiingie chumbani, ikae kwenye kikapu cha mlangoni kama siku zote. Injinia alitikisa kichwa kwa kila sharti, akaapa kwa mama yake. Bi Sweta alilitundika sweta kwenye msumari, akasita, akalivaa tena, akaondoka nalo.

Alifika kwa binti yake Jumamosi. Jumatatu mjukuu akazaliwa, wa kike, ana nywele tele na hasira za kutosha. Jumanne akasajiliwa palepale hospitalini, na Bi Sweta akaiweka ile karatasi ya namba kwenye pochi yake, akawa anaitoa na kuitazama. Alikuwa ametunza mamilioni ya namba na hakuna hata moja iliyowahi kumtoa machozi. Kila siku iliyopita bila simu aliihesabu, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, moyoni akifurahi na pia akichukia kidogo kwamba hakuna aliyemhitaji.

Ijumaa, saa tisa kasorobo, walikuwa sebuleni. Mkwewe alitaka kumpiga picha mtoto akipiga miayo, simu ikamwambia imejaa. Alijaribu tena, ikamwambia vilevile. Mtoto akapiga miayo mara ya pili, picha ikakosekana.

“Baba Mtoto, si uifute hiyo simu,” binti yake alisema, amechoka.

Mkwe akaichukua simu, akaisugua vizuri kwenye shati lake, mbele na nyuma, akaielekeza tena kwa mtoto. Binti akacheka hadi akashika tumbo. Bi Sweta naye alicheka, akajifuta machozi, akaendelea kucheka. Halafu ghafla akaacha kucheka, mdomo ukiwa bado wazi.

Ukurasa wa sitini na tatu. Aliuona kama upo mbele yake, kwa mwandiko wake mzuri. Futa seva zote tatu. Yeye mwanamke wa kitambaa cha flana na vumbi la malori, aliandika kwa maana yake. Injinia, mwenye shahada mbili, neno hilo hulitumia siku nzima kwa maana nyingine kabisa. Anza ya juu, shuka chini. Usiache kitu. Na aliambiwa asijiulize kwa nini.

“Atawafuta watu wote,” Bi Sweta alisema.

Nakala ya akiba ilikuwapo, kama mnataka kujua. Ilikuwa kwenye mashine ya tatu, ya chini kabisa. Alikuwa ameomba miaka sita ijengewe nyumba yake mji mwingine, na kila mwaka ombi lilipokelewa kwa shukrani.

Akampigia Injinia. Simu ikaita hadi ikakoma, na alijua kwa nini: ilikuwa kikapuni, kwa amri yake mwenyewe. Akapiga simu ya mezani ya Mkurugenzi, ambaye Ijumaa hukutwa ofisini kwa nadra sana. Akapiga tena ya Injinia, ikaita bure. Zilibaki dakika tisa. Akampigia mlinzi wa getini, mzee aliyewahi kuwa askari, ambaye hupokea simu mlio wa kwanza lakini hana haraka na salamu. Alitaka kujua hali yake, hali ya binti, hali ya mkwe, mtoto ana kilo ngapi, na amefanana na nani. Bi Sweta alijibu yote, maana kumkatiza mzee yule ni kuanza upya.

“Afande, nisikilize. Panda juu umwambie Injinia asifute.”

“Asifute nini?”

“Seva.”

Mlinzi akafikiri. “Lakini Mama, wewe si ulikuwa unazifuta kila Ijumaa? Kitambaa tulikuwa tunakianika hapa getini.”

“Mimi nilikuwa nafuta vumbi.”

“Na yeye anafuta nini?”

“Wewe, mimi na huyu mtoto wa siku nne.”

Mlinzi alisema anakwenda. Bi Sweta alilijua goti lake bovu, alizijua ngazi za jengo lile, thelathini na nane, na aliujua mlango wa chumba cha seva, mnene, na viyoyozi viwili vikinguruma nyuma yake. Akapiga tena simu ya Injinia. Safari hii haikuita. Sauti ikamwambia namba anayopiga inatumika. Hilo lilimchanganya zaidi. Kama simu inatumika basi Injinia ametoka chumbani, na kama ametoka chumbani basi amemaliza. Saa ya ukutani ilisema tisa na dakika mbili.

Binti yake, aliyekuwa ameacha kucheka, alitoa wazo. Watume namba ya mtoto, waone mfumo utasema nini. Bi Sweta aliitoa karatasi kwenye pochi, akachapa tarakimu moja moja. Jibu la kwanza lilikuja mara moja, maneno yake mwenyewe ya miaka kumi na mmoja: “Subiri kidogo, namtafuta.”

Wakasubiri. Hakuna kilichokuja. Wakatuma tena, na safari hii hata lile la kusubiri halikurudi. Mtoto alikuwa amelala mapajani mwa mama yake, ngumi moja shavuni, hajui kwamba huenda hajazaliwa. Bi Sweta alimtazama akajisikia vibaya mno. Aliogopa miaka yote umeme, joto, vumbi na waboreshaji, kumbe kitakachoimaliza kazi yake ni neno lake moja, tena zuri la kila siku. Akalivua sweta kwa sababu alikuwa anatoka jasho. Kisha akaanza kutafuta viatu, aende kituo cha basi. Binti hakumzuia, wala hakuitaja ile picha.

Simu ikaita. Alikuwa Injinia.

“Shikamoo, Mama. Samahani, najua ulisema nisipige.”

“Marahaba. Umefuta?”

“Nimeshafuta, Mama. Zote tatu, toka juu hadi chini. Sikuacha kitu.”

Bi Sweta akakaa, na bahati nzuri kulikuwa na kiti.

“Sasa nauliza hiki kitambaa,” Injinia aliendelea. “Kimekuwa cheusi tii. Nimekiloweka kwenye ile ndoo ya kijani, sijui ni sawa? Kwenye daftari hujaandika.”

Bi Sweta akasema ni sawa kabisa, kiloweke tu mwanangu, hata ukikitupa ni sawa. Kisha akataka kuelezwa, na Injinia akaeleza kwa aibu. Usiku wa kuamkia Ijumaa hakulala kwa ajili ya ukurasa ule. Alijiambia labda kila Ijumaa mfumo husafishwa ukaanza upya, labda kuna nakala mahali asipopajua, na alikuwa ameapa kutojiuliza. Saa tisa kasoro dakika kumi aliketi, akaandika amri ya kufuta, na saa tisa ilipotimia akabonyeza. Mfumo ukamjibu kwa sentensi ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiona: “Unataka kufuta kila mtu aliyemo humu. Mama yako naye yumo. Umemuuliza?”

Injinia hakuwa amemuuliza. Na kwa kuwa aliamriwa afanye kila kitu kama kilivyoandikwa, alitoka, akachukua simu kikapuni, akampigia mama yake, ambaye ni fundi cherehani na hajawahi kugusa kompyuta maishani. Akamwambia, “Mama, nimeambiwa nikuulize. Kuna mashine tatu hapa natakiwa kuzifuta.” Mama yake akamuuliza kwani kitambaa hana. Injinia akachungulia chumbani, akakiona kimetundikwa kwenye msumari kando ya kabati, na mashine zina vumbi la wiki nzima unaloweza kuandikia jina.

Bi Sweta alisikiliza yote haya amejishika kichwa. Alifurahi, tena alifurahi sana, lakini furaha hiyo ilikuwa na aibu ndani yake na wivu kidogo, maana nchi nzima ilikuwa imeokolewa na fundi cherehani asiyemjua.

“Nimechomoa waya mmoja bahati mbaya nilipokuwa nafuta ile ya katikati,” Injinia akasema. “Nimeurudisha sasa hivi. Mama, naweza kuongeza pale kwenye ukurasa maneno mawili, kwa kitambaa?”

“Ongeza.”

“Ulisema nisiongeze kitu.”

“Nimesema ongeza. Andika kwa mwandiko wako.”

“Mwandiko wangu mbaya, Mama.”

“Andika hivyohivyo. Daftari ni lako.”

Nyuma ya sauti ya Injinia mlango uligongwa kwa nguvu. Injinia akaenda, akarudi, akasema ni mlinzi, anahema sana, anasema asifute. Bi Sweta akamwambia ampe mzee kiti na maji, amwambie vumbi limeshakwisha.

Alipokata simu akakuta wote wanamtazama. Mkwe alikuwa bado ameshika simu yake iliyofutwa vizuri. Binti alimuuliza, kwa sauti ya kutojali ambayo haikumdanganya mtu, kama sasa anakwenda kituo cha basi au haendi. Bi Sweta alisema ana wiki tatu na siku mbili zilizobaki na hana haraka ya kwenda popote. Akalikunja sweta, akalitia chini ya mto wa kochi, akanyoosha mikono apewe mtoto.

Ndipo simu yake ikatetemeka. Ujumbe ulikuwa wa neno moja.

“Yupo.”

Bi Sweta aliusoma mara mbili, akalifuta kwa kidole chozi lililodondokea kioo cha simu. Kisha akamsomea mjukuu wake kwa sauti, na mtoto akapiga miayo, hakuonekana kuwa na wasiwasi wowote juu ya jambo hilo.